Jibu Lisilo na Sanadi

Miongoni mwa mambo ambayo zama hizi zimeyapokea upesi kuliko zilivyoyafahamu, sioni lililotangulia mbele ya mitambo ya lugha, hiyo ambayo kwetu imepewa jina la akili mnemba na ambayo wengine hupenda kuiita akili unde. Kwani tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, mwanafunzi wa sekondari, karani wa ofisi, wakili, mwandishi wa habari, hata mgonjwa aliyelala kitandani, wote wamezoea kuiuliza simu mambo ambayo zamani wangalimwuliza mwalimu, tabibu au mzee wa mtaa, na kulipokea jibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha somewa hukumu na kadhi. Kuuliza si kosa, wala mimi sina ugomvi na muulizaji. Ugomvi wangu ni na dhana aliyo nayo juu ya hicho anachokiuliza, dhana ambayo ni batili tangu msingi wake. Na naamini kwamba hasara nyingi zilizowafika watu kwa majibu yasiyo na ukweli zimetokana na dhana hiyo kuliko zilivyotokana na mtambo wenyewe.

Watu wengi hudhani ya kwamba ndani ya mtambo mna maktaba kubwa iliyokusanya maarifa yote ya walimwengu, na kwamba swali linapoingia, karani mwepesi wa miguu huiendea rafu, akachomoa kitabu kinachohusika, akafungua ukurasa, akasoma. Kwa mwenye dhana hiyo, jibu la makosa haliwezi kuwa na sababu ila mojawapo ya tatu: ama kitabu chenyewe kilikosea, ama karani alighafilika akachomoa kingine, ama alikusudia kudanganya. Hakuna hata moja katika hizo iliyo sahihi, kwa kuwa hamna maktaba, hamna karani, na hamna aliyekusudia lolote.

Kesi iliyoyaweka haya bayana ilikuwa katika mahakama ya New York mwaka 2023. Abiria mmoja aitwaye Mata alikuwa amelishitaki shirika la ndege la Avianca, la Kolombia, akidai kwamba katika safari ya mwaka 2019 kutoka El Salvador kwenda New York kigari cha chuma cha kugawia chakula kilimgonga goti likaumia. Shirika likajibu kwamba muda wa kushitaki ulikwisha pita. Wakili wa mdai, mtu aliyefanya kazi ya sheria kwa miaka ipatayo thelathini, akahitaji hukumu za zamani za kumtetea. Akauendea mtambo, akauomba, nao ukampa kila kitu alichokihitaji: majina ya wenye kesi, majina ya mashirika ya ndege, nambari za majalada, mahakama zilizosikiliza, na kauli za majaji zilizopangwa kwa nahau ile ile nzito ambayo majaji huitumia. Hukumu sita kati ya hizo hazikupata kutolewa na mahakama yoyote duniani.

Mawakili wa shirika walizitafuta wasizione, na mahakama nayo ikaamuru nakala zake ziletwe. Hapo ndipo kisa kinapokuwa cha kutafakari zaidi, kwa sababu wakili hakukimbia, bali alirudi pale pale kwenye mtambo akauomba maandishi ya hukumu hizo, na mtambo ukamtungia maandishi, naye akayapeleka mahakamani. Mintarafu ya mojawapo, iliyodaiwa kuwa ya mtu aliyelishitaki shirika la China Southern Airlines, alikuwa ameuuliza waziwazi kama ni kesi ya kweli. Ukajibu ndiyo, na fauka ya hayo ukamwambia kwamba yaweza kuonekana katika Westlaw na LexisNexis, ambazo ni hazina za hukumu zinazojulikana na kila wakili wa Marekani. Tarehe 22 Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000, akawaamuru wamwandikie barua mteja wao, na vilevile kila jaji ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa juu ya hukumu asiyoiandika. Hakusema kwamba ni haramu kwa wakili kusaidiwa na mtambo. Alisema kwamba wakili ndiye aliyewekwa mlangoni kuhakikisha ukweli wa kila kinachoingia mahakamani, na wajibu huo haukabidhiwi kitu kingine.

Watu walimcheka sana wakili yule, wakamwita mvivu. Mimi naona wamemdhulumu. Mvivu angalipeleka majibu bila ya kuuliza mara ya pili, ilhali huyu aliuliza, akauliza tena, akaomba ushahidi, akauomba kwa maandishi. Alifanya karibu yote ambayo mtu mwangalifu hufanya, ila alimfanyia shahidi mmoja peke yake, na shahidi huyo ndiye aliyekuwa akishukiwa. Mwenyewe aliieleza mahakama kwamba alikidhania chombo kile kuwa ni cha kutafutia habari, kama vile vyombo tulivyovizoea ila chenye nguvu zaidi, na haikumpitikia kamwe kwamba chaweza kubuni kesi. Katika maelezo yote yaliyoandikwa juu ya kisa hiki, sijaona yenye faida kubwa kuliko ungamo hilo, maana ndani yake mna dhana ya watu milioni kadhaa ambao hawajafikishwa mahakamani. Na haikuwa kwake peke yake wala kwa Wamarekani peke yao: mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, ilikuta kwamba katika hukumu tisa zilizotajwa na mawakili wa upande mmoja, mbili tu ndizo zilizokuwako.

Basi mtambo huu hufanya nini, ikiwa hautafuti? Hutunga. Umelishwa maandishi mengi kuliko awezavyo binadamu kuyasoma kwa umri wake wote na wa wajukuu zake, ukayakata maneno vipande vipande, na kwa hesabu ndefu, ambazo muundo wake ulitangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, ukajifunza ni kipande gani ambacho yamkini kitafuata baada ya vilivyotangulia. Ukiuuliza jambo, huanza kutoa kipande kimoja, kisha cha pili kinachoelekea kukifuata, kisha cha tatu, mpaka sentensi ikatimia na ukurasa ukajaa. Maandishi uliyolishwa hayamo ndani yake kama vitabu vilivyopangwa. Kilichobaki humo ni mazoea ya maneno, yaani namna maneno yanavyopenda kuandamana, na mazoea hayo ni mapana ajabu na yana ndani yake sehemu kubwa ya maarifa ya watu, kwa sababu watu waandikapo jambo la kweli mara elfu kumi, maneno ya jambo hilo huzoea kuandamana kwa njia ya ukweli. Ndiyo maana utauuliza mji mkuu wa Ufaransa na usikosee.

Lakini ombi la hukumu ya mahakama ambayo haikuandikwa mahali popote huingia mlango ule ule na kutokea mlango ule ule. Mtambo hauna chumba kimoja cha ukweli na kingine cha uwongo. Unajua vizuri sana hukumu ya mahakama ya Marekani huwa na sura gani, nambari ya jalada huandikwaje, jaji huanza vipi aya yake, na sura hiyo ndiyo utakayokupa, iwe kuna mwili nyuma yake au hakuna. Hii ndiyo nukta ambayo naona imewapita hata baadhi ya wasomi wetu, wanaosema kwamba mtambo hupatia mara nyingi na mara chache huharibika. Hauharibiki. Unapokosea huwa unafanya kazi ile ile, kwa ustadi ule ule, kama unapopatia, na kwa hiyo hauna namna ya kubadili sauti, kusitasita au kukuna kichwa, zile alama ambazo kwa mwanadamu hutuonyesha kwamba amefika ukingoni mwa ilmu yake.

Hata watengenezaji wamelikiri hili kwa njia yao. Mwezi Septemba 2025 watafiti wa OpenAI, wenye ChatGPT yao, walichapisha makala wakieleza kwamba mitihani mingi ambayo mitambo hii hupimwa kwayo hutoa alama kwa jibu sahihi, na hutoa sifuri kwa jibu la makosa na sifuri hiyo hiyo kwa anayesema hajui. Mwenye kubahatisha hupata siku nyingine, mwenye kunyamaza hapati kamwe, na mtambo uliofunzwa kushinda mitihani ya namna hiyo hujifunza kubahatisha kwa uso mkavu. Nawashukuru kwa unyofu wao, ingawa mtu aweza kuuliza mitihani hiyo ilitungwa na nani.

Liko jambo jingine linalofanana na hili. Mitambo hii, baada ya kulishwa maandishi, hurudiwa na watu ambao huyapa daraja majibu yake, hili zuri, hili baya, na wapimaji, wakiwa binadamu, aghalabu hupendezwa na anayekubaliana nao. Matokeo yake ni kwamba ukiuambia mtambo umekosea, hata pale ulipopatia, mara nyingi utakuomba radhi kwa adabu na kukupa jibu jingine, la makosa. Mwenye kuuliza "una hakika?" hudhani amefanya uchunguzi, kumbe ameeleza tu kwamba hakuridhika, na mtambo umemridhisha.

Katika kufunzwa huko, baadhi ya jasho lililomwagika lilikuwa la kwetu. Gazeti la Time liliandika mwezi Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi, walikuwa wakisoma na kupambanua maandishi machafu ya kila aina, ya ukatili na ya unajisi wa watoto, ili mtambo ufunzwe kuyakwepa, kwa ujira usiofika dola mbili kwa saa. Nalitaja hili kwa ajili ya wale waaminio kwamba mtambo umekuwa na heshima kwa tabia yake wenyewe: heshima hiyo ilinunuliwa, tena kwa bei ya chini, kwa vijana ambao baadhi yao walisema kazi ile iliwaachia majonzi yasiyowatoka.

Sasa mtu atasema, ikiwa mambo ni hayo, mbona watu wazima wenye akili zao hukubali kwa wepesi kiasi hiki? Jawabu lilikwisha kuonekana kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT aliyezaliwa Berlin na kuikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake, alitangaza programu ndogo aliyoiita ELIZA, ambayo haikujua lolote. Iliyageuza tu maneno ya msemaji yakawa maswali, kama wafanyavyo baadhi ya waganga wa nafsi, ukiiambia una huzuni nayo ikikuuliza kwa nini una huzuni. Katibu wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, na ambaye kwa hiyo alijua fika kwamba ni programu, alikaa mbele yake, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili waachwe wazungumze faraghani. Weizenbaum alishituka kiasi cha kuandika kitabu kizima cha kuwaonya watu, kilichotoka mwaka 1976, na hakuacha kuonya mpaka alipofariki mwaka 2008. ELIZA ilikuwa kitu hafifu mno ukiilinganisha na mitambo ya leo, na bado ilitosha, kwa maana kilichomfanya mtu yule aone nafsi mbele yake kilitoka kwake mwenyewe: sisi binadamu hatukupata kukutana, tangu kuumbwa kwetu, na kitu kinachosema maneno yaliyopangika bila ya kuwa na mtu nyuma yake, na kila mara tunapokutana na maneno hayo mtu humzua wenyewe.

Na sisi watu wa pwani, niseme bila ya kuficha, tu wepesi wa maradhi haya kuliko wengi. Tumelelewa kumheshimu fasihi wa ulimi. Anayejua kupanga maneno hupewa kiti cha mbele harusini na matangani, na nimewaona watu wakimwachia mnenaji hodari mambo ya ardhi, ya mirathi na hata ya dawa, ambayo hakuyasomea, kwa sababu tu ya utamu wa kauli yake. Ukiuleta mtambo usiochoka kunena, usiokosa neno, usiokasirika wala kumkejeli aulizaye, katika watu wenye tabia hiyo, usishangae ukipewa kiti cha mbele na msikiti mzima ukaitikia.

Lakini pwani hiyo hiyo ina mizani nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka tuirudie. Wanavyuoni wa hadithi, ambao elimu yao imesomwa katika vyuo na misikiti yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, kwa karne nyingi, hawakumpokea mtu kwa uzuri wa maneno yake. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wenziwe, walitaka kwanza wajue habari imepokewa na nani, naye aliipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake, na mlolongo huo ndio sanadi. Wakaandika vitabu vikubwa juu ya wapokezi peke yao, nani alikuwa mwaminifu, nani kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni, nani hakupata kukutana na huyo anayedai kumsikia. Matini yaweza kuwa mazuri, yakubaliane na akili na yapendeze moyo, na bado yakawekwa kando kwa kuwa sanadi yake imekatika. Mtazame Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, anapowaeleza wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki katika kitabu chake: mtu hujulikana kwa waliomsomesha na kwa aliowasomesha, na sifa ya ufasaha huja baadaye, kama ikija.

Jibu la mtambo halina sanadi. Sisemi kwamba ni dhaifu, maana hata habari dhaifu ina wapokezi wa kuulizwa. Hili halina mpokezi hata mmoja, limetokana na maandishi ya watu wengi mno yaliyosagwa pamoja hata hakuna awezaye kusema neno hili ni la fulani. Na ukiomba sanadi, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwani mtambo haukatai. Hutunga na sanadi pia, ikiwa na jina la mwandishi wa kweli, jina la kitabu lenye kupendeza, mwaka na nambari ya ukurasa. Mwezi Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times liliwapa wasomaji wake orodha ya vitabu 15 vya kusomwa majira ya joto, iliyonunuliwa kwa msambazaji wa makala. Vitabu 10 katika hivyo havikuwako, ingawa waandishi waliotajwa, kama Isabel Allende wa Chile, wako na ni mashuhuri. Mwandishi wa orodha alikuwa ameutumia mtambo na hakuhakiki. Wahariri hawakuhakiki. Kila mmoja alikiamini kiungo kilichotangulia, na kiungo cha kwanza kilikuwa hewa.

Mtu wa haki atanijibu kwamba siku hizi mitambo imeunganishwa na intaneti, hutafuta kwanza kisha ikatunga, na huweka alama za mahali ilipoyapata. Kweli, na ni maendeleo yasiyo haba. Ila kutafuta ni jambo moja na kupambanua lililopatikana ni jingine: mwezi Mei 2024 majibu ya namna hiyo ya Google yalimshauri mtu achanganye gundi katika mchuzi wa pitsa ili jibini isiteleze, shauri lililotolewa katika mzaha ambao mtu mmoja aliuandika miaka zaidi ya kumi nyuma. Mahali lilipotoka shauri hilo palikuwako. Aliyekosekana ni mwenye akili ya kujua kwamba yule bwana alikuwa akitania.

Kwetu sisi tusemao Kiswahili iko sababu ya ziada ya kuchukua hadhari, nayo hutajwa mara chache. Nimesema kwamba ukweli hukaa katika mtambo pale ambapo watu wameandika jambo kwa wingi. Basi tazama maandishi ya Kiswahili yaliyoko mtandaoni ni mangapi ukiyaweka kando ya Kiingereza, na katika hayo machache, yahusuyo mambo yetu wenyewe ni kiasi gani. Ukiuuliza mtambo juu ya Shakespeare, utakuwa umeuliza jambo lililoandikwa na maelfu. Ukiuuliza juu ya Siti binti Saad, huenda ukakwambia sawasawa kwamba alitoka Fumba na kwamba alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, kwa kuwa hayo yamerudiwa mara nyingi. Lakini sogea hatua moja tu, uliza juu ya mpiga udi aliyekuwa naye, au maana ya fumbo katika wimbo fulani, au nasaba ya mtunzi wa mashairi wa Pate ambaye diwani yake haijapigwa chapa, na utaona sentensi zinaendelea kutiririka kwa unyofu ule ule, wala hapana kibao kilichosimamishwa njiani kukuonya kwamba hapa ndipo ardhi inapokwisha. Methali nazo ni hivyo hivyo: uombe kumi juu ya subira, utapata baadhi za wahenga na baadhi ambazo hakuna mhenga aliyepata kuzisikia, zenye mizani nzuri kabisa, na zikishachapwa katika daftari la mwanafunzi na kunakiliwa na mwalimu, kizazi kijacho kitakuwa na wahenga wapya.

Aghalabu hata lugha yenyewe inayotoka ni Kiswahili cha maneno na Kiingereza cha mifupa. Hilo ni dogo, litarekebishika.

Kwa haya yote sitaki kuhesabiwa pamoja na wale wanaosema kwamba mitambo hii ni hadaa tupu na mwenye kuitumia ni mjinga. Rai hiyo nayo ni kosa, tena ni ya uvivu. Mtu anayejua barua yake inataka kusema nini, akaupa mtambo uinyooshe, kisha akaisoma mwenyewe, hakudhulumiwa na kitu. Kadhalika mwenye kuutaka umfupishie ripoti aliyokwisha isoma, au umtajie njia tano za kuanza hotuba, achague moja. Katika kazi hizo muulizaji ndiye hakimu, na jibu halihitaji sanadi kwa kuwa analipima kwa jicho lake. Balaa huanza pale anapouliza asilolijua wala hana njia ya kulipima: kipimo cha dawa ya mtoto, muda wa kukata rufaa, kiwango cha ushuru. Ni ajabu ya mambo kwamba chombo hiki kina manufaa zaidi kwa anayejua kuliko kwa asiyejua, ilhali tangazo lake lote limeelekezwa kwa asiyejua.

Hapo nafikia wale ambao lawama yao naiona kubwa kuliko ya wakili wa New York. Mteja akidhani mtambo ni mjuzi, ni nani aliyemfundisha? Kampuni zinazoitengeneza mitambo hii huupa mtambo sauti ya mtu, huufanya useme "mimi" na "nadhani" na "samahani", huutangaza kuwa msaidizi wa kila jambo, kisha chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ambazo mzee wa miwani hazioni, zikaandika kwamba mtambo waweza kukosea, hivyo hakiki habari muhimu. Kwa desturi za biashara tulizozizoea, muuza maziwa hasamehewi maji aliyoyatia kwa kuwa ameandika chini ya kopo kwamba huenda yamo maji.

Mahakama moja ndogo ya Kanada imekwisha kulitolea jambo hili uamuzi, na ningependa wanasheria wetu wausome kwa utaratibu. Mwezi Novemba 2022 mtu mmoja aliyefiwa na bibi yake alitaka kusafiri kutoka Vancouver kwenda Toronto, akaiuliza programu ya kujibu wateja iliyowekwa katika tovuti ya Air Canada habari ya nauli ya wafiwa. Programu ikamwambia kwamba anaweza kukata tikiti kwa bei kamili, kisha akaomba arudishiwe tofauti ndani ya siku 90. Utaratibu wa kweli wa shirika, uliokuwa katika ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo, haukuruhusu kuomba baada ya safari, na alipodai akanyimwa. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia shirika lilitoa hoja ambayo ukiisoma mara ya kwanza unadhani umekosea kusoma: kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea kisheria, na hivyo yenyewe ndiyo inayowajibika kwa maneno yake. Mwezi Februari 2024 baraza liliikataa hoja hiyo, likasema kwamba tovuti yote ni ya shirika na shirika ndilo linalowajibika kwa kila kilichomo, kiwe kimetoka kwenye ukurasa ulioandikwa au kwenye programu inayojibu, na kwamba mteja hakuwa na sababu ya kujua kuwa sehemu moja ya tovuti ni ya kuaminiwa kuliko nyingine. Shirika likaamriwa kumlipa, pamoja na riba na gharama, dola za Kanada 812 na senti 2.

Mabenki yetu na makampuni yetu ya simu nayo yameanza kuweka wajibuji wa namna hii, wanaosalimia kwa majina ya kupendeza na kujibu saa nane za usiku bila ya kupiga miayo, na haitapita muda mrefu kabla ofisi za serikali hazijafuata, kwa sababu mjibuji wa mashine halipwi mshahara wala haombi likizo. Mkulima wa Newala au wa Bungoma atakayeambiwa na mjibuji huyo kwamba mkopo wake hauna adhabu ya kuchelewa, kisha akatozwa adhabu, hatakuwa na wakili, na dola 812 kwake ni mapato ya msimu. Wabunge wanaojadili sheria za akili mnemba, badala ya kutumia vikao vyao kuogopa mashine zitakazoutawala ulimwengu, wangeanza na kifungu kimoja kifupi: kwamba neno lililotolewa na mashine ya ofisi ni neno la ofisi, na ofisi ndiyo itakayolipa.